Maana Uliyoiruka

Rwamgasa,
Jumapili, 18 Februari 2024

Mdogo wangu Wiliam,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana, na ya Ritha nimeipokea pia, mwambie mkeo asidhani nimemsahau. Huku tunalala na kuamka, Mungu bado anatuhesabu. Kikohozi cha vumbi la makarasha yanayosaga mawe hakijaniacha, ila si ugonjwa wa kuuharibia karatasi. Loveness tumbo limeanza kuonekana. Anatamani udongo wa kichuguu, kama mimi nilivyotamani nikiwa naye tumboni. Namkataza, halafu jioni namletea.

Bado napika kwenye duara la mkwe wangu, shimo lao la dhahabu. Najua hukupenda tangu mwanzo, mama mkwe kushinda mahali anaposhinda mkwe. Lakini mwenyewe ameweka heshima. Kati ya jiko langu na pale anapokaa na wenzake wenye hisa amefunga turubai la bluu. Yeye ana njia yake na mimi yangu. Akikohoa najua anapita, nageuka. Sahani yake hupelekwa na Dorah, ninayepika naye. Mume wa Dorah ni Marwa, fundi wa matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo zisiwaangukie watu. Mtu wa Tarime, maneno tele. Jana kaniambia ugali wangu umekaza hivi kwamba ataomba bonge moja akashikilie ukuta. Nikamwambia kwanza atumie kichwa chake, ndicho kigumu kuliko vyote hapa. Dorah alicheka mpaka akakaa chini.

Loveness ananicheka kwa hizi barua zetu, anasema dunia nzima inatumiana ujumbe. Namwambia ujumbe unafutika, lakini neno la Kiingereza la mjomba wako nalibandika ukutani nalirudia nikichambua maharage. Lile "take" nimeliweza. Sasa kwenye kile kitabu cha sala alichoniachia padre nimefika kwenye mzabibu na matawi, nikakutana na "bear". Nikafungua kamusi yako, ikaniambia ni dubu, mnyama wa manyoya. Nimekaa najiuliza dubu kaingiaje kwenye shamba la Bwana. Nieleze maana zake zote, usiniachie hata moja. Nimeanza kusoma uzeeni, sina muda wa kurudia.

Akulinde Yeye asiyesinzia.
Dada yako, Paskazia


Maganzo,
3 Machi 2024

Dada yangu Paskazia,

Shikamoo. Barua yako Eustace wa basi aliiweka pamoja na dagaa wa mtu, nimeisoma huku paka ananizunguka. Hatujambo. Darasa langu limejaa hadi wengine wanaandikia mapajani. Huku Maganzo bado watu wanachekecha kokoto zile zile zilizochekechwa na baba zao, na kila mmoja ana rafiki aliyeona almasi juzi.

Jana nilikuwa kwa mwanangu Fredy. Mkewe, Limi, anakamua vizuri kuliko vijana wa zizini. Kila nikimwona namkumbuka Loveness, maana ng'ombe waliokuja kwa Loveness ndio tuliowapeleka kwao Limi. Baba yake Loveness angekutolea wewe mahari, nisingekuwa mimi wa kuwapokea. Mungu ana njia zake. Mume wa Loveness msalimie kupitia Loveness.

Umenichekesha na dubu wako. Ni kweli ni dubu, lakini ni kitendo pia, tena kitendo kikubwa. Kwanza ni kubeba: punda "bears" mzigo, ingawa siku hizi kwa mzigo wa kawaida wanapenda kusema "carry". Nguzo nayo "bears" uzito wa paa, kama matimba ya huyo mtani wako. Pili ni kuzaa. Mti "bears" matunda, na hilo ndilo lililo kwenye mzabibu wako. Mama naye "bore" mtoto, ndiyo maana tunasema mtu "was born". Tatu ni kuvumilia: "I cannot bear this heat," siwezi kulivumilia joto hili. Na ukimwambia mtu "bear with me" unamwomba akuchukulie kwa subira. Angalia linavyobadilika: bear, bore, borne. Yapo matumizi mengine madogo madogo, lakini haya yanakutosha.

Niandikie sentensi tano. Usimwonyeshe Loveness kwanza.

Mdogo wako mtiifu,
Wiliam


Rwamgasa,
14 Aprili 2024

Wiliam ndugu yangu,

Marahaba. Umekaa bila barua yangu mpaka Pasaka imepita na najua ulisikia redioni kabla ya kusikia kwangu. Nisamehe. Mimi mzima, Loveness mzima, na mumewe mzima.

Ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu. Mvua ilikuwa imenyesha bila kupumua, na asubuhi duara likakaa chini, kuta zikaanguka. Sikusikia kishindo. Niliona tu vumbi linatoka shimoni, na mvua yote ile, nikajiuliza vumbi linatoka wapi. Walimtoa Marwa na vijana wawili kutoka Kharumwa, ndugu, mama mmoja baba mmoja, wote watatu wameshakufa. Mama yao alifika Ijumaa Kuu wakati tunabusu Msalaba. Sikuweza kuimba.

Watu wanasema Marwa mwenyewe aliyatoa matimba ya chini akayauze. Wenye hisa wamesema hivyo, na sasa kila mtu anasema hivyo. Dorah analala chini, hataki kitanda. Nimeacha kupika pale.

Nimeandika sentensi zangu, ila ni tatu tu. The tree bears fruit. Dorah bore two children. I cannot bear it. Hii ya mwisho sijui kama ni sahihi, maana sijaandika ni kitu gani nisichoweza kukivumilia. Labda Kiingereza kinataka useme.

Kuna neno nililisikia jikoni siku ile ya Jumatatu, kabla. Lakini si neno la barua.

Tuombeane.
Paskazia


Maganzo,
28 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo na pole. Pole kwa wote. Tumewaombea marehemu kwenye jumuiya yetu, Ritha ndiye aliyeongoza.

Sentensi zako ni sahihi. Ya tatu inasimama yenyewe, "it" inatosha, haihitaji maelezo. Safari hii nakutumia neno jipya, "keep", ili tusikae sana kwenye lile. Ni jepesi: kutunza, kufuga, kuendelea.

Dada, usikae sana kwa huyo mjane. Mtu aliyefiwa anahitaji watu wa kwao. Wewe angalia mwanao anayetarajia.

Fredy na Limi wanakusalimu, na zizi lipo salama.

Wiliam


Rwamgasa,
Jumapili ya Pentekoste, 19 Mei 2024

Wiliam,

Marahaba, na salamu za zizi nimezipokea. Loveness miguu imevimba lakini zahanati wamesema mtoto anacheza vizuri. Anashona vitambaa vya mtoto, vya njano, maana hataki kutabiri.

"Keep" sijalifungua. Lile la kwanza halijaniacha.

Nilikuwa nafuata Amri kwa Kiingereza, moja moja, kwa kidole. Nilipofika ile ya nane nikalikuta pale, "bear", limekaa na ushahidi. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikamuuliza katekista wetu, akaniambia ndivyo Waingereza wanavyosema, ushahidi kwao unabebwa. Wa kweli unabebwa na wa uongo unabebwa. Nikachukua barua yako ya Machi nikaisoma tena juu chini. Punda yupo. Mti upo, mama yupo, joto lipo. Ushahidi haupo. Sikuulizi kwa ubaya, mdogo wangu. Machi ulikuwa hujui kitu, nami nilikuwa sijui. Lakini Aprili ulijua nina neno, ukaniletea "keep".

Sasa nakuambia nililosikia. Jumatatu ya Juma Kuu, Dorah kaenda kuchota maji, mimi niko na maharage. Mkwe wangu akaja na Marwa upande wao wa turubai. Akamwambia atoe matimba ya kule chini ayapeleke duara jipya, magogo yamepanda bei na wenye hisa wamechoka kununua.

Marwa akasema, "Bosi, ule ukuta unasimama kwa huruma ya yale magogo."

"Mtu wa Tarime unaogopa udongo?"

"Udongo siuogopi. Naogopa mvua."

"Mvua nitaongea nayo mimi. Toa."

Marwa akacheka, ndivyo alivyokuwa, hawezi kuacha. Akasema haya, anatoa, lakini siku ukuta ukiomba huruma wasije wakamuuliza yeye. Kifuniko cha sufuria yangu kilikuwa kinagonga. Mkwe alijua nipo, Wiliam. Hakushusha sauti kwa sababu mama mkwe nyuma ya turubai hana masikio. Ndivyo tulivyolelewa, mimi na yeye.

Dorah wamemtenga. Akienda kuomba moto anaambiwa moto umezimika. Watoto wake wanaitwa wana wa mwizi wa magogo, mkubwa ameacha shule. Kwao Marwa wamepeleka neno kwamba hawampokei, wanaogopa ndugu wa wale vijana wa Kharumwa watawafuata. Sungusungu wameitisha kikao cha kijiji mwezi ujao, baada ya watu kumaliza kuvuna. Kikikubali kwamba Marwa ni mwizi, Dorah ataondolewa Rwamgasa na watoto wake. Hana pa kwenda, na ni mimi peke yangu ninayejua, au nadhani hivyo.

Nikitaka kusema "mwenye duara" haitoshi. Duara lina wenye hisa watano na kila mmoja atasema ni mwingine. Lazima nimtaje. Nisimame mbele yake, macho kwa macho, nimtaje jina lake. Hata hapa kwenye karatasi unaona sijaliandika.

Nijibu haraka. Na safari hii usinifundishe, niambie.

Dada yako


Maganzo,
2 Juni 2024

Dada yangu Paskazia,

Shikamoo.

Umesema nikuambie, nakuambia. Machi niliiruka maana ile kwa sababu ni matumizi ya mahakamani na ya kanisani, nikaona hayakuhusu. Aprili niliogopa. Nilijua ukiliona hutalala.

Sikiliza mdogo wako. Unamkumbuka bibi. Mkwe wake aliitwa Mbula, na mbula kwa kwetu ni mvua. Mpaka tunamzika hakuwahi kusema mvua inanyesha. Alisema maji ya juu yanakuja. Tulimcheka sisi watoto, lakini hakuna aliyemtega aseme. Wewe unataka kusimama mbele ya kijiji kizima ulitaje jina la mume wa mwanao, tena kwa kumshitaki. Watu watasahau matimba. Watakukumbuka wewe. Watasema umechanganyikiwa, na neno la mtu aliyechanganyikiwa halimsaidii Dorah.

Halafu fikiria. Wakimchukua, nyumba ya Loveness imekufa. Ndugu zake watakuja kudai ng'ombe, ng'ombe wako kwao Limi, Limi ana mtoto mgongoni. Unavunja nyumba mbili kwa ajili ya mtu ambaye ameshazikwa. Marwa hasikii tena wanamwitaje.

Sikuambii useme uongo. Kunyamaza si uongo. Njoo Maganzo. Ritha ameshatandika kitanda. Kaa hapa mpaka kikao kipite, kisha umtafutie Dorah mahali pengine, nami nitakusaidia kwa mikono yangu. Ukiulizwa baadaye, ulikuwa safarini kwa ndugu yako.

Njoo, dada. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba unibebe mgongoni tukitoka mnadani.

Wiliam


Rwamgasa,
Jumapili, 21 Julai 2024

Wiliam wangu,

Marahaba, na wabeja sana kwa kitanda ulichonitandikia.

Barua yako ya Juni nimeipata Jumanne iliyopita. Eustace aliugua, basi likapewa kondakta mwingine mpaka alipopona, barua ikakaa kwa wakala wa Geita kwenye boksi la vipuri. Ingenifikia kwa wakati sijui kama ningekuwa naandika kutoka hapa. Nimeipenda sana ile habari ya bibi. Huenda ningepanda basi. Sitaki nijifanye kwako kwamba nisingepanda.

Kikao kilikuwa tarehe ishirini na tisa Juni, Watakatifu Petro na Paulo. Nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja, nisije nikapita nyumbani nikakaa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ndaki, unamkumbuka, aliyekuwa na duka la chumvi. Dorah alikaa mbele kwenye gunia na watoto wake wawili, hakuna aliyekaa karibu naye. Mkwe wangu alikaa na wenye hisa kwenye benchi. Mama wa wale vijana wa Kharumwa alikuwepo, na nilipomwona nikasema moyoni, huyu naye amedanganywa, anamchukia mfiwa mwenzake.

Walisema yao. Ilipofika kuulizwa nani ana neno, nikasimama. Nikashika bega la mwanamke aliyekuwa mbele yangu, simjui. Nikasema Marwa hakuiba, aliamriwa, nami nilisikia.

Mzee Ndaki akaniuliza aliamriwa na nani. Nikasema na mwenye duara. Akasema wenye duara ni watano, mayu, mama yangu. Kisha akaniangalia, nikaona anajua, anataka kuniokoa. Akasema, "Mayu, kama huwezi kumtaja, kaa tu. Hakuna atakayekulaumu."

Ningekaa. Benchi lilikuwa pale pale nyuma yangu.

Nikasema, "Ngusa. Mume wa binti yangu Loveness."

Ulisema kweli, mdogo wangu, walisahau matimba. Bibi mmoja alijifunika kanga kichwani kama amepigwa na radi. Wanaume wakaanza kuguna, mmoja akasema huyu mama anaumwa apelekwe kwa padre. Mkwe wangu hakunitazama. Hata wakati ule, Wiliam, aligeuza uso upande, kwa heshima. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kelele zote. Mwenyekiti akagonga meza, akasema ushahidi wa mtu aliyevunja mwiko atauweka kando kwanza, na nikaona Dorah anainamisha kichwa.

Hapo kijana mmoja akanyanyuka nyuma, Stanslaus, mchimbaji, ndiye aliyekuwa na homa siku ile hakushuka. Akasema kama mama mzima ameweza kumtaja mkwewe, yeye mwanamume anaogopa nini. Yeye ndiye aliyeyapokea yale magogo juu na kuyapeleka duara jipya, kwa amri ya Ngusa, na yapo pale mpaka leo, yana alama za panga la Marwa. Wakaenda kuyatazama wote, mpaka watoto. Zilikuwepo.

Polisi walimchukua jioni. Yuko mahabusu Geita. Dorah yupo, hajafukuzwa, majirani wameanza kumpa moto, ingawa mama wa wale vijana hakumsalimu, aliondoka tu. Mtoto mkubwa amerudi shule. Nakaa kwao sasa, tunalala watatu kitanda kimoja na mdogo katikati. Wanawake wa jumuiya hawanikalii karibu kanisani. Hawanitukani, wanaacha nafasi tu.

Ndugu zake Ngusa watakuja kwako kwa habari ya ng'ombe. Nimesikia wanasema hivyo. Sina la kukuambia. Limi mwambie anisamehe, naye hajanikosea kitu.

Loveness alikuja hapa siku nne baada ya kikao. Tumbo liko mbele kabisa, viatu havimwingii, amevaa ndala za mumewe. Nilimpa kigoda, hakukaa. Hakulia. Nilitamani alie au anitukane, nimezoea hasira yake tangu utotoni. Aliongea taratibu kama mtu anayeuliza njia.

Akaniambia, "Mama, wale watatu walishakufa. Ungenyamaza, nani mwingine angekufa?"

Nilitaka kumwonyesha Dorah, aliyekuwa amejificha ndani na watoto ili sisi tuongee. Nilitaka kumwambia habari ya duara jipya, kwamba yale magogo yangetolewa tena siku nyingine na mtu mwingine. Nilikuwa na maneno, Wiliam, mengi kuliko niliyokuwa nayo kwenye kikao. Lakini nilimwangalia miguu ilivyovimba, na hakuna hata moja lililotoka. Alinipa muda, mwanangu, siwezi kusema hakunipa. Halafu akasema, "Haya, mama," akaondoka na njia ya kwenda stendi.

Tangu siku hiyo nyumba yake ina kufuli. Simu haipatikani. Zahanati hawajamwona, na siku zake zimekaribia. Nimeuliza Geita kwenye mlango wa mahabusu, hakufika.

Kama amekuja kwako, mpe kile kitanda. Ritha amkande miguu kwa maji ya chumvi, na asilale chali. Udongo wa kichuguu akiutaka msimnyime sana. Na mtoto akizaliwa, nitumie neno kwa Eustace, neno moja tu, mzima au si mzima.

Ila usimwambie kwamba nimeuliza.

Paskazia